Notsi za somo ziwekwe wapi: Moodle, Classroom, Drive au Telegram?

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, pima mzigo wenyewe. Kusanya mafaili ya muhula mzima kwenye folda moja, uangalie ukubwa wake. Video ya saa moja iliyorekodiwa kwa megabiti 1.5 kwa sekunde hufika MB 675 hivi. Sauti peke yake, kwa kilobiti 32, haizidi MB 15. Mwanafunzi wa bando la siku atasikiliza sauti. Video ataiacha.

Hatua ya 1: Punguza. Kurasa za maandishi ziskani kwa dpi 150 (nukta 150 kwa kila inchi), rangi ya kijivu. Slaidi zigeuze PDF, maana PowerPoint ikifunguliwa kwenye simu huvuruga fonti na milinganyo.

Hatua ya 2: Chagua ghala moja. Chuo kikiwa na Moodle (mfumo wa kuendesha masomo mtandaoni), anzia hapo: inaonyesha nani kawasilisha kazi na lini, na programu yake ya simu humruhusu mwanafunzi kupakua somo akalisoma bila mtandao. Ikigoma kupokea faili, shida huwa kwenye seva. PHP, lugha ya programu inayoendesha Moodle, ikiachwa na mipangilio yake ya awali hupokea faili la MB 2 tu. Waombe watu wa TEHAMA waongeze upload_max_filesize (kikomo cha faili moja) pamoja na post_max_size (kikomo cha vyote vinavyotumwa kwa mpigo). Wakiongeza ya kwanza tu, utakwama tena kwenye MB 8.

Hakuna Moodle? Google Classroom inafaa darasa dogo lenye kazi za kukusanya. Kwa akaunti binafsi, mwisho ni watu 250, walimu wakiwemo, kwa hiyo somo la pamoja la mwaka wa kwanza halitaenea. Kama ni kusoma tu, tumia folda ya Drive (GB 15 za bure, ila Gmail na picha zako zinakula humo humo) au chaneli ya Telegram, ambako anayejiunga wiki ya tano anakuta kila kitu tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Ruhusa. Folda mpya ya Drive huwa imefungwa. Ifungue kwa yeyote mwenye kiungo, kwa kusoma tu. Ukiwapa haki ya kuhariri, mafaili yatahamishwa au kufutwa. Kitabu kizima chenye hakimiliki usikiweke humo.

Hatua ya 4: Majina na masahihisho. Andika Wiki03-Regresheni.pdf. Bila hiyo sifuri, sehemu nyingi zitapanga Wiki10 kabla ya Wiki2. Ukisahihisha notsi, usifute na kupakia upya, kwani kiungo cha zamani kitakufa. Kwenye Drive ingia usimamizi wa matoleo, pakia toleo jipya, na kiungo kitabaki kilekile.

Hatua ya 5: Tangaza. WhatsApp iwe ya kutuma kiungo na ukubwa wa faili kwa MB, basi. Ukituma faili lenyewe, baada ya masahihisho mawili darasa litakuwa na matoleo matatu mkononi.

Mwishoni, kama umetumia Drive, jaribu: fungua kiungo kwenye dirisha la faragha, bila kuingia akaunti, kwa data ya simu na si Wi-Fi ya chuo. Kikidai nywila, rudi hatua ya 3.