Atto 3 au Ariya: nilivyomsaidia dada kuchagua gari la umeme hapa Tabora

Dada yangu anakaa Ipuli na ana watoto watatu. Mama yetu yuko Urambo. Shemeji ni mtu wa asali, msimu ukifika haishi kwenda Sikonge. Gari lao la petroli limeshachoka, na kwa miezi kadhaa walikuwa wanavutana kati ya magari mawili ya umeme yaliyotumika, yote ya kuagiza Japani: BYD Atto 3 na Nissan Ariya ya betri ndogo. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, mwaka wa kumi na nne huu, kwa hiyo nikaitwa kuamua. Nayaandika haya kwa aliyeko Tabora, Nzega au Kaliua ambaye naye ana magari mawili kwenye simu na hela ya moja.

Kwanza weka matangazo pembeni, chukua karatasi, andika safari ndefu kuliko zote unayoifanya bila kulala njiani. Kwa dada ni Nzega kwenda na kurudi, kama kilomita 230. Urambo na kurudi haifiki 200. Safari ya Dodoma wanaifanya mara mbili kwa mwaka, nayo nikaifuta kwenye karatasi. Gari linunuliwe kwa ajili ya safari za kila mwezi, Dodoma kuna basi na treni.

Sasa umbali wanaouandika wauzaji. Tangazo la Ariya lilisema kilomita 470, shemeji akaona ameshapata jibu. Lakini 470 ni kipimo cha Kijapani, ambacho hakina ile sehemu ya mwendo mkali wa barabara kuu. Ariya ya betri hiyo hiyo ikipimwa Ulaya inapewa 403. Atto 3 kwa kipimo cha Ulaya inapewa 420. Kwa hiyo usilinganishe namba mbili kabla hujajua zimepimwa wapi.

Mimi nahesabu kwa uniti, maana LUKU imeshatufundisha. Betri ya Atto 3 ni uniti 60 hivi, ile ya Japani pungufu kidogo. Ya Ariya ni uniti 66, za kutumika 63. Watu watano, kiyoyozi kimewashwa, mwendo wa 90 mpaka 100 barabara ya lami, weka uniti 18 kwa kila kilomita 100. Bakiza asilimia 15 usiiguse. Hapo Atto 3 inakupa kama kilomita 280, Ariya inakaribia 300. Nzega na kurudi zote zinafika. Tofauti ya kilomita 20 isikunyime usingizi.

Kitu kinachotenganisha magari haya ni aina ya betri, na hapa naomba usome taratibu. Atto 3 ina betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti. Ariya ina ya nikeli, manganizi na kobalti. Ya nikeli ni nyepesi kwa nguvu ileile, lakini haipendi kukaa imejaa mpaka juu, hasa kwenye joto. Mwenye nayo anashauriwa kuishia asilimia 80 kwa siku za kawaida, ajaze yote siku ya safari tu. Ya chuma na fosfeti inastahimili kujazwa mpaka 100, na inavumilia joto na kuchajiwa mara nyingi zaidi. Ariya ina mfumo wa kupooza betri kwa maji, si kama Nissan Leaf ya zamani isiyo nao, kwa hiyo sisemi itaharibika. Nasema fikiria maisha ya dada: gari linashinda juani nje ya duka lake la dawa, Oktoba ile ya kwetu kabla mvua hazijaanza, na usiku linatakiwa lijae kwa sababu simu ya Urambo haitoi taarifa. Ukiishi kwa asilimia 80, zile uniti tatu za ziada za Ariya umeshazipoteza kabla hujatoka getini.

Shemeji alisema Nissan ni jina linalojulikana, mafundi wamejaa. Ni kweli wamejaa, wa injini. Ariya haina injini wanayoijua wao. Kwa gari lolote kati ya haya mawili, tafuta kabla ya kulipa mtu mwenye mashine ya kusoma mfumo wake na anayejua kuzima umeme wa betri kubwa kabla hajagusa nyaya. Hata akiwa Mwanza au Dar, uwe na namba yake. Na muuzaji akutumie kipimo cha afya ya betri kilichosomwa kwa mashine. Dada alitumiwa picha ya dashibodi imeandika 100, akafurahi. Ile 100 inasema betri imejaa, haisemi imebaki nzima kiasi gani.

Uliza pia tundu la kuchajia. Gari lililouzwa Japani lina tundu tofauti na la Ulaya, na Atto 3 iliyouzwa China, kule inaitwa Yuan Plus, ina tundu la tatu tena na usukani wa kushoto. Kebo na chaja ya nyumbani nunua baada ya kujua tundu, si kabla. Picha za ndani ya Ariya walizotumiwa zilikuwa na maandishi ya Kijapani kwenye skrini nzima. Kwa redio tumezoea, lakini kwenye gari la umeme mpangilio wa kuchaji uko humo humo kwenye skrini.

Nyumbani sasa, na hapa ndipo kwangu. Mwaka jana, saa nane usiku, niliitwa nyumba moja huko Cheyo. Mwenye nyumba alikuwa anachaji gari kwa ekstensheni ya kawaida iliyopita chini ya mlango, sehemu iliyobaki imeviringishwa nyuma ya kochi. Nilipoishika plagi ilikuwa laini kama nta. Soketi imegeuka kahawia, skrubu moja ndani imelegea, na harufu ya plastiki imeshaingia mpaka kwenye chandarua cha mtoto chumba cha pili. Pasi unaitumia nusu saa. Gari linavuta umeme mwingi vile vile kwa saa kumi, ishirini, bila kupumzika. Kwa soketi ya kawaida kujaza betri tupu ya uniti 60 ni zaidi ya siku nzima.

Kwa hiyo kabla ya gari, laini yake peke yake kutoka kwenye bodi: waya wa milimita 6, breka ya ampia 32, kifaa cha kukata umeme ukivuja, na ethi ya kweli, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Chaja nyingi zinapima ethi, zisipoiona zinagoma. Kwa dada nilikuta waya wa ethi umeingia kwenye udongo mkavu chini ya mwembe na kuishia hapo, hakuna fito. Tumepigilia fito mpya ya shaba upande wa bafu, ambako udongo una unyevu mwaka mzima. Kisha nikapima volti: saa moja na nusu jioni 198, saa sita usiku 226. Pangeni gari lianze kuchaji saa tano usiku, magari yote mawili yanaweza. Kwa chaja ya kilowati 6 asubuhi limejaa.

Gharama nilimpigia mbele yake. Anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi ana bei ya chini. Ukileta gari hiyo sahau, safari moja ya Nzega inakula zaidi ya 40. Utalipa karibu shilingi 357 kwa uniti. Ukijumlisha umeme unaopotea wakati wa kuchaji, kilomita 100 ni shilingi 7,000 hivi. Gari lao la sasa linakula lita 11 kwa umbali huo, na petroli ukiiweka 3,000 ni 33,000. Kodi ya kuingiza angalia kwenye mfumo wa TRA kwa mwaka halisi wa gari, usikubali makadirio ya mdomo.

Nafasi ndani, Ariya inashinda, ni ndefu kwa sentimita 14. Lakini ndoo sita za asali za lita ishirini zina kilo zaidi ya 160, na betri iko chini ya sakafu. Ukipata gari la kujaribu, wapakie wote na mzigo, upime kwa rula kutoka chini ya tumbo mpaka ardhini, kisha kapime na tuta la mtaani kwako.

Tulichagua Atto 3. Shemeji alikubali tulipofika kwenye matairi: magari yote mawili yanakuja na dawa ya kuziba pancha, bila tairi la akiba. Dawa haizibi tairi lililochanwa ubavuni na jiwe la njia ya Sikonge. Ariya inavaa rimu 19, Atto 3 inavaa 18, na alizunguka mwenyewe maduka ya matairi mjini akaona ipi ataipata. Rimu na tairi la akiba ameshaliagiza kwenye kontena lilelile, litafungwa kwa mkanda nyuma, pembeni ya ndoo.