Kujifunza Kifaransa cha Mwanzo Chuoni kwa Kupitia Kiswahili

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeanza Kifaransa katika chuo kikuu cha Tanzania au Kenya mara nyingi huelezwa sarufi yake kwa Kiingereza, na bila kukusudia huzoea kuipima kila sentensi kwa Kiingereza. Nimefundisha darasa hilo kwa miaka kadhaa, na kila muhula, kabla ya wiki ya tatu, husimama mwanafunzi akataja umri wake kwa kusema "je suis vingt ans". Lau angeanzia Kiswahili asingekosea, kwani Mfaransa naye husema "nina": "j'ai vingt ans" ni nina miaka ishirini, "j'ai faim" ni nina njaa, "j'ai soif" ni nina kiu, "j'ai sommeil" ni nina usingizi. Kwa hiyo nakushauri, hata kama mhadhara unatolewa kwa Kiingereza, maelezo ya daftari lako la Kifaransa yaandike kwa Kiswahili.

Faida yake utaiona mapema katika muundo wa sentensi. Wengi huhangaika na viwakilishi vya mtendwa kwa sababu Kiingereza huviweka baada ya kitenzi, ilhali Kifaransa huviweka kabla. Igawanye "nakupenda" na uitazame pamoja na "je t'aime": "ku" na "t'" zimekaa mahali pamoja, katikati ya mtenda na kitenzi. Ukanushi nao hauna ugeni mkubwa, kwa maana "hasomi" hubeba alama mbili, moja mwanzoni na moja mwishoni, kama "il ne lit pas" inavyokizingira kitenzi kwa "ne" na "pas". Katika mazungumzo ya kawaida utasikia "ne" ikidondoshwa, lakini katika mtihani iandike. Vivumishi vingi pia hufuata nomino kama kwetu, isipokuwa vichache vya kila siku kama petit, grand, bon, beau na vieux, ambavyo hutangulia.

Jinsia ya nomino ndiyo inayowavunja moyo wengi, nami naona huruma, kwa sababu wanaolalamika ni watu waliokua na ngeli kinywani. Linganisha "kiti kidogo kimevunjika" na "la petite chaise est cassée". Katika zote mbili nomino inayapa maneno yanayoizunguka sura yake, na hakuna anayeuliza kwa nini kiti kiwe cha ki-vi. Tofauti iko katika wingi: "viti vidogo vimevunjika" inasikika mara tatu, lakini katika "les petites chaises sont cassées" herufi s za mwisho za petites, chaises na cassées hazitamkwi, na sikio linategemea "les" na "sont" peke yake. Ndiyo maana mwanafunzi anayeongea vizuri anaweza kuandika vibaya sana. Kila nomino ihifadhi pamoja na un au une, si le au la, maana mbele ya irabu le na la zote hugeuka l', na "l'école" haikuambii chochote kuhusu jinsia. Miishio nayo husaidia: maneno yanayoishia kwa -tion karibu yote ni ya kike, yenye -ment kwa kawaida ni ya kiume, na yenye -age mengi ni ya kiume ingawa plage, page na image ni ya kike.

Katika matamshi, anza na irabu inayoandikwa u, kwa kuwa Kiswahili hakina sauti hiyo, na kosa lake hugeuza maana: "dessus" ni juu na "dessous" ni chini, na tofauti yake ni irabu ya mwisho tu. Tamka "i" ya "siri", uuache ulimi palepale ulipo, kisha zungusha midomo kama anayepiga mluzi. Fanya hivyo mbele ya kioo, kwa sababu ulimi ukirudi nyuma utasikia "u" ya "kuku", ambayo Wafaransa huiandika ou. Sauti ya r tunayo karibu nayo: ni ile gh ya "ghali" na "lugha", kama watu wa pwani wanavyoitamka, na baada ya p, t au k hukaribia kh ya "kheri", kama katika "très".

Irabu za puani zinahitaji uvumilivu. Wanafunzi wangu wengi hutamka "bon" kana kwamba mwishoni kuna ng' ya "ng'ombe". Katika "bonne" ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno. Katika "bon" haigusi popote, na pumzi hupita puani na kinywani kwa pamoja. Yatamke yote mawili kwa zamu, polepole, hadi ulimi uhisi tofauti hiyo. Jihadhari pia na tabia ya kuongeza irabu mwishoni, "avec" ikawa "aveki". Neno linalofuata likianza kwa irabu, konsonanti ya mwisho huhamia huko, na "avec elle" hugawanyika a-ve-kel. Kuna pia s ya mwisho isiyotamkwa ambayo mbele ya irabu hufufuka kama z, na hapo "ils ont", wana, hutofautiana na "ils sont", wao ni, kwa z na s tu.

Kuhusu namba, usishangae mwenzako kutoka Kongo-Kinshasa au Burundi akisema septante kwa 70 na nonante kwa 90. Ni urithi wa Kifaransa cha Ubelgiji, na si kosa.

Kila siku fanya imla ya sentensi tano. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, hutoa habari za Kifaransa chepesi pamoja na maandishi yake. Sikiliza sentensi mara tatu, andika, kisha sahihisha kwa kalamu nyekundu, ukitenga makosa ya sikio na ya sarufi. Ukiandika "dessous" mahali pa "dessus", rudi kwenye kioo. Ukiandika "ils parle", sikio halina kosa, kwa kuwa "parlent" husikika vilevile, na unachopaswa kurudia ni jedwali la vitenzi.