Kabla ya masika: mambo ya kuzingatia kwa wanaojitolea mtandaoni wakati wa mafuriko

Kikundi kinachotaka kusaidia mtandaoni mafuriko yakitokea Dar es Salaam kikae na kamati ya maafa ya wilaya kabla ya Machi, na kisiondoke bila kujua nani atapokea taarifa zilizohakikiwa. Andikeni jina la afisa wa zamu, la msaidizi wake, na namba ya akiba ya kila mmoja. Bila mpokeaji, taarifa zitabaki kwenye simu zenu huku waliokwama juu ya paa wakiamini kwamba serikali imeshasikia. Ndiyo maana kila tangazo lenu limwambie aliye hatarini apige 114, Zimamoto na Uokoaji, kwanza.

Kubalianeni fomu moja: mahali, saa, tukio, idadi ya watu, chanzo, hali ya uhakiki. Mawili ya mwanzo ndiyo yanayoharibu kazi.

Mahali: "Mbuyuni" ziko nyingi mno. Andikeni kata, mtaa, alama inayojulikana na wakazi, kisha majira ya nukta, yaani namba za latitudo na longitudo. Tarakimu 4 baada ya nukta ya desimali zinafikisha ndani ya mita 11 hivi, na zinatosha. Jangwani iko karibu na -6.81, 39.27; mtu akisahau alama ya kutoa, mahali panaangukia Ethiopia. Pakueni pia ramani ya OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, kwenye simu mapema, maana mtandao hukatika mvua ikikolea. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora nyumba na mitaro ya kata zinazofurika, na kazi hiyo iko wazi kwa kila mtu.

Saa: mkazi akiandika "saa 9", ni 09:00, 15:00 au 03:00? Muulizeni, kisha jazeni kwa mfumo wa saa 24. Maji ya Mto Msimbazi hupanda haraka, na boti haipaswi kutumwa kwa taarifa ya jana usiku.

Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa zake za ndani za mahali na saa; ombeni itumwe kama faili. Itafuteni mtandaoni pia, kwa kuwa picha za mafuriko ya miaka ya nyuma hurudi kila masika. Majina na namba za waathirika zisiingie kwenye jedwali la wazi: anazihitaji afisa tu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na nyinyi.

Zamu zisizidi saa 4, watu wawili wawili, mmoja akihakiki na mwenzake akikabidhi.

Mwezi mmoja kabla ya masika, tumeni taarifa 10 za majaribio, kila moja ikianza na neno ZOEZI, na mpime dakika hadi afisa ajibu "imepokelewa". Isiyojibiwa, ifuatilieni hadi mjue ilikwama kwa nani.