Rangi Tulivu kwa Chumba cha Kulala
Kwa nyumba za Mombasa, nyeupe pe haifai: jua la adhuhuri likipiga ukutani, macho huuma. Chagua samawati iliyopauka au rangi ya mchanga. Usiamini kikaratasi cha sampuli za rangi cha dukani. Paka kadibodi ya sentimita 60 kwa 60 mara mbili, iegemeze ukutani, uitazame asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka. Balbu nyeupe huifanya samawati ionekane baridi kama ya zahanati. Weka yenye mwanga wa manjano, kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga). Ukuta wa mawe ya matumbawe ukitoa chumvi, rangi itabambuka hata iwe ghali vipi: kwangua, uache ukauke kabisa, ndipo upake praima, yaani rangi ya msingi, kabla ya rangi yenyewe. Dari iwe nyepesi kuliko kuta.