Nusu marathoni kwa mtu wa kazini: wiki 16 kutoka Dar hadi Moshi

Mimi si mwanariadha. Nashinda ofisini nimekaa, na goti langu la kushoto hunung'unika kila mvua ikitanda. Hata hivyo nimeshamaliza nusu marathoni nne, yaani mbio za kilomita 21, tatu kati ya hizo kwenye Kilimanjaro Marathon pale Moshi.

Ya kwanza ilinitoa roho. Kilomita 5 za mwanzo nilizifyeka kwa dakika 26, nikijiona Alphonce Simbu, yule aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025. Barabara ilipoanza kupanda kuelekea Mweka, kijiji cha juu kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, miguu ikagoma. Mama mmoja wa makamo, khanga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, akanipita taratibu: "Pole baba, twende tu." Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 41, nikitembea zaidi ya kukimbia. Miezi mitatu mizima nilikuwa nimefanya zoezi moja tu: kilomita 5 za kukata pumzi, kila siku, kasi ileile. Haya ninayokuandikia ndiyo niliyobadilisha.

Hatua ya 1: Raba

Mpya zikikushinda bei, mitumba ya soko la Karume, Dar, inatosha, ila usinunue kwa macho. Ziweke raba juu ya meza ya muuzaji uzitazame kwa nyuma. Kisigino kikiegemea upande mmoja, aliyekuwa akizivaa amezimaliza. Kisha bonyeza sponji iliyo juu ya soli kwa kidole gumba. Nzima inarudi hapohapo. Iliyokufa inabaki na bonde, na pembeni utaona mistari kama ya kiganja. Muuzaji atakuambia "gredi wani hiyo, kaka!" Mwache aseme, wewe endelea kubonyeza. Chagua inayozidi kidogo namba yako, maana mguu huvimba ukikimbia muda mrefu.

Hatua ya 2: Punguza mwendo mpaka uone aibu

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea. Karibu mazoezi yako yote yawe ya polepole kiasi cha kuweza kuongea. Kipimo changu: sema kwa sauti jana usiku ulikula nini na nani alipika. Sentensi ikikatika katikati, umezidisha. Kwangu mimi hiyo ni dakika 7 na nusu hadi 8 kwa kilomita, na wazee wa matembezi ya asubuhi pale Coco Beach wameshanisalimia tukiwa sambamba. Ukishindwa hata hapo, kimbia dakika 4, tembea 1, rudia.

Pumzi huzoea ndani ya wiki chache, ila kano na mifupa huchelewa. Ndiyo maana watu huumia wiki ya tano au ya sita, pale wanapojisikia simba. Maumivu ya misuli yanayopungua kadiri unavyopasha mwili moto, endelea nayo. Maumivu ya sehemu moja kwenye ugoko, yanayozidi kila hatua, simama. Panda daladala urudi nyumbani. Kwa sababu hiyo mimi huweka elfu mbili kwenye soksi.

Hatua ya 3: Siku nne kwa wiki, zinatosha

Jumanne na Ijumaa, dakika 30 hadi 45 za polepole. Alhamisi, vilima. Jumapili, safari ndefu. Ndefu ziende hivi kwa kilomita: 5, 6, 7, rudi 5, 8, 9, 10, rudi 7, 11, 12, 14, rudi 9, 15, 18, 12, halafu mbio zenyewe. Wiki za kurudi nyuma usizichezee, mwili hujijenga humo. Ukikosa wiki kwa malaria au msiba, usijaribu kuilipa. Rudia ile ya mwisho uliyoimaliza.

Mbio za Moshi huwa mwishoni mwa Februari, hivyo ukiwa Dar utafanya mazoezi kwenye joto kali. Toka saa kumi na moja alfajiri. Kimbilia upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja. Bodaboda utakutana nazo pande zote, hizo hazina dawa. Dada zangu, alfajiri tokeni kwa kundi; vikundi vya mazoezi vipo karibu kila mtaa.

Hatua ya 4: Vilima

Pwani ni tambarare, na Mweka haikusamehe kwa hilo. Daraja la Tanzanite ni zuri kwa kuhesabu kilomita, ila kwa kupanda nenda Goba au Kisarawe. Tafuta mlima wa dakika moja hivi, panda mara 6 kwa hatua fupi, macho mbele, teremka ukitembea. Kila wiki ongeza mara moja, ukifika 10 baki hapo.

Hatua ya 5: Tumbo na ngozi

Kabla ya safari ndefu mimi hula ndizi mbivu mbili na chai ya rangi yenye sukari. Ikizidi saa moja na nusu, nabeba tende na chupa ya maji yenye chumvi za ORS za duka la dawa. Maji matupu mengi mno nayo yana hatari, hupunguza chumvi mwilini. Paka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na, wanaume wenzangu, kwenye chuchu. Ukipuuza utanikumbuka bafuni.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Usivae kitu kipya. Kilomita 3 za kwanza waache watu wakupite, wote. Panda Mweka kwa pumzi, saa ya mkononi isahau. Kutembea dakika moja si dhambi. Juu ukigeuka utatamani kuachia miguu. Usiachie mara moja, mapaja hupigwa zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye mlima, na vidole hugonga mbele ya raba mpaka mwisho. Kata kucha za miguu siku nne kabla. Mimi mwaka ule sikukata, na mbili zilitoka nyeusi ndani ya soksi wiki iliyofuata.