Jinsi ya kuanza kumsoma Spinoza ukiwa na hamu yako mkononi

Ukiifungua Ethica, kitabu maarufu cha Spinoza, ukurasa wa kwanza utakutana na Mungu na fafanuzi zilizopangwa kama somo la jiometri. Mimi niliifunga mara mbili. Anza Sehemu ya 3. Hapo ndipo Spinoza, mwanafalsafa na msaga lenzi wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1677, kitabu chenyewe kikatoka mwaka huohuo, anapoingia kwenye wivu, hasira, furaha. Anasema atayachunguza kana kwamba ni mistari na maumbo. Hakemei mtu.

Kabla ya yote, neno. Kilatini chake ni cupiditas. Usiliandike "tamaa" kwenye daftari. Kwetu tamaa imeshahukumiwa: tamaa mbele, mauti nyuma. Kwake cupiditas ndiyo asili yenyewe ya mtu, ule msukumo wa kuendelea kuwepo ambao hoja ya 6 ya Sehemu hiyo (hoja zake zina namba) inasema kila kitu kinao. Mimi naandika "hamu", na kurasa nyingi zilinifungukia kwa neno hilo.

Sasa chagua hamu yako moja ya kweli. Mimi ni fundi wa nguo, nilichagua cherehani ya umeme, nikaandika: "Naitaka kwa sababu ni nzuri." Nenda kwenye maelezo ya hoja ya 9, soma polepole. Hatukitaki kitu kwa kuwa tumekiona kizuri. Tunakiona kizuri kwa kuwa tunakitaka. Geuza sentensi yako hivyo. Nilipoigeuza yangu, nilikaa kimya, mguu juu ya pedali ya cherehani yangu ya zamani, nikijiuliza hamu ile ilitoka wapi.

Hoja ya 27 ilinijibu: tukimwona mtu kama sisi ameguswa na jambo, nasi tunaguswa vilevile. Fundi jirani alileta yake Jumatatu. Ijumaa, pedali yangu ilishaanza kunikera. Andika siku hiyo, na ulichokiona.

Hoja zote za Sehemu ya 3 ni 59. Nyingine zipitie haraka. Descartes, mwanafalsafa Mfaransa aliyemtangulia, mwaka 1649 alihesabu hisia sita za msingi. Spinoza anabakiza tatu, hamu, furaha na huzuni, na nyingine zote anazijenga humo. Fafanuzi 48 za mwishoni zitumie kama kamusi.

Kisha soma Sehemu ya 4, hoja ya 7, kabla hujaamini kwamba kuelewa kumetosha: hisia haizuiliki ila kwa hisia iliyo kinyume chake na yenye nguvu kuishinda. Hapo nimepiga mstari mwekundu, maana cherehani ile bado naitaka.