SOMO: Kumfundisha mtoto kuhesabu kwa trei la mayai na visoda

Wapendwa habari za jioni, hili somo niliahidi toka wiki ya juzi, leo watoto wamelala mapema ndo nimepata nafasi. Nipo hapa Mikindani, nyumbani nina watoto watatu, wawili wangu na mmoja wa dada.

Nilianza kwa sababu ya huyu mwanangu mdogo. Alikuwa na miaka minne, anataja moja mpaka ishirini hakosei, kila mgeni akija anaitwa ahesabu na anapigiwa makofi. Siku moja nipo jikoni namwambia nipe vitunguu vitatu, akanipa vyote vitano. Nikamwambia haya vihesabu, akataja mpaka saba huku kidole kinaruka ruka tu. Roho iliniuma maana nilijua kabisa mwanangu anajua kuhesabu, kumbe anaimba. Kuhesabu ni kidole kimoja, kitu kimoja, neno moja, alafu ile namba ya mwisho ndo jibu, na hiyo haiingii kwa kuimba, inaingia kwa mikono.

Mahitaji: trei moja la mayai la karatasi (muombe muuza chipsi, wanayatupa kila siku), visoda 30 kutoka grosari yoyote, mkasi, maka peni. Basi.

HATUA YA 1. Chagua trei ambalo yai halijapasukia, likiwa na uchafu wa yai achana nalo, alafu lianike juani siku nzima. Trei lina vishimo 30, mistari 6 ya vishimo vitano vitano. Likate mistari miwili miwili upate vipande vitatu, kila kipande vishimo 10. Msikate ovyo jamani, somo lote limekaa hapo kwenye kumi.

HATUA YA 2. Osha visoda kwa sabuni, kausha, alafu gonga yale meno kwa nyundo mpaka yalale. Pitisha kidole chako kwanza, kikikukwaruza na mtoto kitamkata.

HATUA YA 3. Wiki ya kwanza kipande kimoja tu na visoda vitano, namba usiandike popote. Mtoto anaweka kisoda kimoja kwenye shimo moja huku anataja. Akimaliza muulize, viko vingapi? Mwanzoni ataanza kuhesabu upya toka moja, mwache, usimkatishe wala usimjibie, hapo bado hajashika kuwa ile tano ya mwisho ndo ya vyote. Siku atakayokujibu "vitano" bila kurudia utafurahi mwenyewe.

HATUA YA 4. Ongeza mpaka kumi, na hapa kaeni sana, sisi tulikaa kama mwezi hivi. Mstari wa juu ukijaa na chini kuna viwili, ataanza kusema saba kwa kuangalia tu. Muulize pia vimebaki vishimo vingapi vijae, maana hapo ameshaanza kujumlisha na kutoa na hajui kama ni hesabu.

HATUA YA 5. Leta kipande cha pili. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa, kumi na tatu ni kipande kimoja kimejaa NA vitatu, anaona anachokisema. Ila ishirini jina linaficha, kwaiyo mimi nasema "makumi mawili, ndo ishirini", na thelathini hivyo hivyo. Baada ya hapo ndo muandike namba kwenye visoda.

TAHADHARI: huku kwetu msimu ukianza korosho zipo kila uwanja na mtu anaona ndo kete za bure. Usimpe mtoto korosho yenye ganda. Lile ganda lina mafuta yanaunguza ngozi, akiing'ata midomo inababuka, waliobangua kwa mkono wanajua kwanini wanapaka mafuta au majivu kwanza.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mama mapacha, Newala: wangu wana mwaka na nusu naweza kuanza nao?
Jibu: Visoda hapana mama, chochote kinachoenea mdomoni kinaweza kuwakaba, subiri wavuke miaka mitatu na hata hapo ukae nao. Saivi wape makopo wapangishe na mifuniko mikubwa ya ndoo, na ukipanda nao ngazi hesabu kwa sauti.

Baba, Ruangwa: nyumbani tunaongea Kimwera na bibi yake, sitamchanganya?
Jibu: Hapana kaka, hesabuni kwa Kimwera. Akishajua tano ni ngapi, shule watampa jina lingine tu la kitu anachokijua.

Dada, Kilwa Masoko: wangu anamwaga vyote anakimbia.
Jibu: Anza na visoda vitatu dada, na cheza duka. Wewe mteja, yeye muuzaji, "nipe maandazi matatu", anakupangia kwenye trei. Dakika tano zinatosha, akichoka toa, kesho ataidai mwenyewe.

Mwalimu wa awali, Masasi: darasani nina watoto wengi, trei nitatoa wapi zote hizo?
Jibu: Mwalimu shikamoo. Toka nao nje, kila mtoto achimbe vishimo kumi mchangani, mistari miwili ya vitano kama wanavyochimba bao, aokote na kokoto zake kumi. Mvua ikinyesha chora viduara kwa chaki kwenye sakafu. Ila kokoto uzihesabu kabla hawajaondoka, kuna wanaozitia puani.